Kitabu cha kliniki shuleni: chanjo za watoto zikaguliwe, lakini mtoto asirudishwe nyumbani

#1 Mwalimu wa Chekechea, Amu (mwanzilishi wa uzi)

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Amu (mji wa Lamu), Malindi na pwani yote. Nawaomba msome mpaka mwisho. Jambo hili hurudi kila Januari shule zikifunguliwa, huzungumzwa barazani wiki mbili, kisha huachwa mpaka Januari nyingine.

Mtoto akiletwa kuanza chekechea, mzazi huombwa cheti cha kuzaliwa na kitabu cha kliniki. Cheti hutazamwa sana. Kitabu cha kliniki, katika shule ninazozijua, hufanyiwa moja ya mambo mawili. Ama hupigwa kopi ukurasa wa mbele na kutiwa failini bila mtu kuufungua ukurasa wa chanjo. Ama hufunguliwa, pengo likaonekana, na mama akaambiwa aende na mwanawe mpaka chanjo zitimie. La kwanza ni uzembe. La pili linaniuma zaidi, kwa sababu mtoto aliyekosa sindano mara nyingi anatoka nyumba isiyo na nauli ya boti, na sasa anakosa na darasa pia.

Rai yangu ni hii: kitabu kifunguliwe kwa kila mtoto, pengo liandikwe, na chanjo imfuate mtoto pale shuleni. Yeye abaki anasoma.

Kwa wasiokumbuka kilichomo: akizaliwa hupewa BCG ya kifua kikuu na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hupata ile sindano yenye kinga tano ndani yake (dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya B, na Hib inayoleta homa ya uti wa mgongo), ya nimonia, matone ya polio, na matone ya kukinga kuharisha kunakoletwa na virusi vya rota. Wiki ya 14 huongezwa sindano ya polio. Kisha surua na rubela miezi 9, na tena miezi 18.

Hiyo ya miezi 18 ndiyo ninayoikuta tupu mara nyingi. Naelewa kwa nini. Mtoto sasa anakimbia, hana ugonjwa, mama ameshika mimba nyingine au amerudi kwenye biashara yake, na kati ya miezi 9 na 18 hapana sindano nyingine ya kumkumbusha njia ya kliniki.

Lakini surua ndiyo ya kuogopwa zaidi darasani. Mgonjwa mmoja, akiwa kati ya watu wasio na kinga, huambukiza wengine 12 hadi 18. Virusi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Fikirieni chumba cha chekechea, watoto wamekaa mkekani bega kwa bega. Ndiyo maana wataalamu husema watoto 95 kwa kila 100 wawe wamepata dozi zote mbili, la sivyo ugonjwa hupata njia.

Naomba maoni yenu, hasa wazazi wa visiwani na wahudumu wa afya.

#2 Nahodha wa Faza

Waaleikum salaam, mwalimu. Ahsante kwa kulifungua hili.

Mzazi wa Amu mjini akiambiwa aende akamchanje mtoto, hutembea hadi hospitali na kurudi kabla ya adhuhuri. Sisi wa Pate, na zaidi wenzetu wa Ndau na Kiwayu, tuna bahari kati. Kusi ikivuma, boti haziendi kila siku. Mama hukusanya nauli, hufika na mtoto amelowa maji ya chumvi, kisha huambiwa chupa ya surua haifunguliwi kwa mtoto mmoja, aje siku ya kliniki. Hili limempata mke wangu, na zahanati sitaitaja kwa sababu najua si moja tu inayofanya hivyo. Mara ya pili hakwenda, na sikumlaumu.

Na tusiwasahau Waboni wa Basuba, Milimani na Mangai. Baada ya mashambulizi ya 2014, zahanati za huko zilifungwa muda mrefu kwa sababu ya usalama. Mtoto aliyezaliwa miaka ile akija shuleni na kitabu kitupu, mzazi wake ana kosa gani?

#3 Muuguzi Mstaafu, Malindi

Nahodha, pole kwa mkeo. Nieleze kwa nini hutokea, kisha niseme kwa nini haifai.

Chanjo ya surua na rubela huja kama unga mkavu, katika chupa ya dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake ina saa 6 tu, halafu humwagwa hata kama imetumika dozi moja. Muuguzi akiwa na chupa tatu mwezi mzima huona heri awangoje watoto wengine. Lakini dozi tisa zikimwagwa, serikali imepoteza pesa kidogo. Mtoto mmoja akirudi bila kuchanjwa na asije tena, tumempoteza yeye, na mlango wa surua umebaki wazi katika kijiji kile. Mimi nilikuwa nafungua, na nikiulizwa naandika sababu.

Hapo ndipo naunga mkono rai ya mwalimu kwa nguvu zote. Shule ina watoto wengi mahali pamoja. Ukijua mapema kwamba shule fulani ya Kizingitini ina watoto wanane wasio na dozi ya pili, unakwenda na chupa moja na sanduku lako la baridi kwenye boti la asubuhi, na hakuna kinachomwagika. Chanjo hizi zinataka nyuzi 2 hadi 8 za joto njia nzima. Wazazi mna haki ya kuomba kuona kile kibandiko kwenye chupa: pana duara, na ndani yake mraba. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Ukifanana rangi na duara au ukizidi kuwa mweusi, haitumiki.

Mambo mawili kwa wazazi. Kwanza, mtoto aliyechelewa haanzi upya. Kama ana dozi mbili za ile yenye kinga tano, anaendelea na ya tatu. Pili, kitabu kikipotea, rudini mlikochanjia, kwa sababu jina huandikwa kwenye daftari la kituo. Na hata lisipoonekana, mtoto akirudiwa sindano ya surua aliyokwisha kuipata hadhuriki.

#4 Baba wa Mabinti, Langoni

Hizo za utotoni sina neno nazo. Zangu zote zimetimia.

Swali langu ni ile ya HPV, ya wasichana wa miaka 10, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Barua ilikuja kutoka shule siku ya Alhamisi, sindano Ijumaa. Hakuna aliyetuita tukaelezwa. Mbona wasichana tu? Mbona wadogo hivyo, kwa ugonjwa unaowapata watu wazima? Na hii habari kwamba inaziba uzazi, nani ametujibu kwa uwazi? Sisemi ni kweli. Nasema mimi ni mzazi, nina haki ya kuuliza kabla ya kutia sahihi.

#5 Mwalimu wa Chekechea, Amu

Baba, una haki kamili, na barua ya siku moja haikuwa heshima kwa mzazi. Nitajibu moja moja.

Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazoleta takriban asilimia 70 ya saratani hiyo. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka Kenya kwenye wagonjwa wapya zaidi ya 5,200 na vifo zaidi ya 3,200 kwa mwaka mmoja. Hao ni mama zetu na shangazi zetu, wengi wao hufika hospitali wakati damu imekwisha kuwatoka miezi.

Kwa nini miaka 10? Chanjo hii huzuia virusi visiingie. Haivitoi vilivyokwisha kuingia. Kwa hiyo hutolewa miaka mingi kabla ya ndoa, na mwili wa mtoto wa umri huo hujenga kinga yenye nguvu kuliko wa mtu mzima. Kumpa binti chanjo hii hakusemi lolote kuhusu tabia yake. Mwanamke aliyejitunza mpaka siku ya harusi anaweza kuvipata virusi hivi kwa mumewe wa halali.

Kwa nini wasichana tu? Ziko nchi zinazowachanja na wavulana. Kenya imewatanguliza wasichana kwa sababu wao ndio wenye kuugua saratani hii, na dozi zilikuwa chache.

Uzazi: wasiwasi huu una historia hapa kwetu. Mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki wa Kenya walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake, wakidai ina homoni ya kuzuia mimba, na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF wakakanusha. Maneno yale hayakwisha. Yamehamia kwenye kila sindano inayompata msichana. Kuhusu HPV, kamati ya usalama wa chanjo ya Shirika la Afya Duniani ilipitia taarifa mwaka 2017, wakati zaidi ya dozi milioni 270 zilikuwa zimesambazwa duniani, na haikupata ushahidi wa kuziba uzazi. Mzio mkali upo, kama mtu mmoja au wawili kwa kila dozi milioni, na ndiyo sababu mtoto hukalishwa dakika 15 baada ya kuchanjwa. Kinachotia uzazi hatarini ni saratani yenyewe, maana wapo wanaotolewa kizazi ili waokolewe.

Na faida imeonekana. Scotland walichunguza kumbukumbu za wanawake waliozaliwa kati ya 1988 na 1996, wakatangaza Januari 2024: waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13, hakuna hata mmoja aliyepatikana na saratani hii.

Ushahidi mwingine umetoka kwa mabinti zetu wenyewe. Wasichana na wanawake vijana 2,275 wa Kisumu, Thika na Nairobi, wa miaka 15 hadi 20, walishiriki utafiti wa kujua kama dozi moja inatosha. Matokeo ya 2022 yalionyesha dozi moja inakinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya zile aina mbili katika miezi 18. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja, na Kenya ikahamia huko mwaka 2025.

Wana Lamu hilo ni jambo kubwa. Chanjo hii ilizinduliwa Mombasa tarehe 18 Oktoba 2019, dozi mbili zikipishana miezi sita. Kundi la kwanza lilitakiwa kupata ya pili Aprili 2020, na shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa ajili ya korona. Wasichana wengi waliishia dozi moja. Sasa kwa kisiwa kama Kiwayu, safari moja ya boti inamaliza kazi.

#6 Baba wa Mabinti, Langoni

Ahsante mwalimu, umenijibu kama mtu mzima. Laiti haya yangesemwa kwenye mkutano wa wazazi. Nitazungumza na mama yao.

#7 Maalimu wa Madrasa, Mkomani

Niongeze kuhusu dini, kwani huwa naulizwa baada ya darasa.

Swali la kwanza ni vitu vya nguruwe. Kinachoulizwa hasa ni jelatini, ute ambao huweza kutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya nguruwe. Chanjo ya HPV inayotajwa hapa haina jelatini. Baadhi ya chanjo za surua zinayo, na si vizuri kuwaficha watu. Wanazuoni na madaktari wa Kiislamu walikutana Kuwait mwaka 1995 wakalijadili: kitu kilichogeuka kabisa katika asili yake hukumu yake hugeuka. Baraza la maulamaa la Indonesia lilifuata njia nyingine mwaka 2018. Walisema chanjo ya surua na rubela waliyokuwa wakiitumia ina kilicho haramu, lakini inaruhusiwa kwa dharura kwa sababu hakukuwa na nyingine na madhara ya kutochanja ni makubwa. Njia mbili, zote zimefika kwenye ruhusa.

La pili, wazee wetu wanaokwenda Hija huchanjwa homa ya uti wa mgongo, na bila cheti hakuna viza. Sharti hilo lilitiwa nguvu baada ya mlipuko wa 1987 Makka, na likaongezwa baada ya ile ya 2000 na 2001. Sijamsikia hata mmoja hapa Amu akiacha Hija kwa ajili ya sindano. Basi mtoto naye ana haki ya hifadhi ile ile tunayojichukulia sisi.

Madrasa ziingizwe katika mpango huu. Wapo watoto wanaokuja kwetu kila siku na hawapo kwenye orodha ya shule yoyote.

#8 Mkaazi wa Malindi

Mimi nitapinga kidogo. Nimefanya kazi na Wataliano hapa Malindi miaka mingi. Kwao, mwaka 2017, surua ilipozidi, serikali ilipitisha sheria: chanjo kumi za lazima kwa watoto mpaka miaka 16. Mtoto wa chini ya miaka 6 asiyechanjwa haingii chekechea. Mkubwa anaruhusiwa kusoma, lakini mzazi hutozwa faini ya yuro 100 hadi 500. Watu walinung'unika, wakachanja. Sisi tukiendelea kubembelezana, mtoto wa jirani asiyechanjwa atamwambukiza wangu mwenye miezi saba ambaye hajafikia umri wa sindano ya surua. Haki ya huyo wangu nani anaitetea?

#9 Mwalimu wa Chekechea, Amu

Ndugu yangu, hoja ya mtoto wako wa miezi saba ni nzito, na siipuuzi. Ndiyo inayonifanya nitake kila kitabu kifunguliwe.

Lakini tutazame sheria inamshika nani. Italia chanjo iko karibu na nyumba ya mzazi, na anayekosa mara nyingi amekataa. Kwetu aliyekosa, kwa kiasi kikubwa, hakufikiwa. Ukimfungia mlango huyu, humwadhibu mkaidi, unamwadhibu aliye mbali. Katiba yetu, kifungu cha 53, imempa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na katika kifungu hicho hicho ikampa huduma ya afya. Hazikuandikwa ili moja iwe bei ya nyingine.

Na sheria peke yake haitoshi. Marekani majimbo yote hudai chanjo kwa wanafunzi, lakini mengi huruhusu mzazi kujiondoa kwa imani. Texas ni mojawapo. Mwaka 2025 surua ilizuka magharibi mwa jimbo hilo, ikawapata watu 762, na watoto wawili wa umri wa shule, wote wasiochanjwa, wakafa.

Jirani zetu Rwanda walianza HPV mwaka 2011 wakiwa na nchi ya milima na njia mbovu. Walikwenda shuleni, wakachanja darasa la sita, na wahudumu wa afya wa vijijini wakawatafuta waliokosekana siku hiyo na wasiosoma kabisa. Mwaka ule wa kwanza walipita asilimia 90. Sisi tunao wahamasishaji wa afya ya jamii mitaani, wanaojua nyumba zote. Wapewe orodha kutoka shuleni, na shule zipewe orodha kutoka kwao.

Anayekataa baada ya kuelezwa, huyo tuzungumze naye kwa subira. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa wa pwani hii hii, kaskazini ya mpaka: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa akifanya kazi hospitalini na bado alikuwa ameikwepa sindano kwa kuogopa maumivu. Alipona. Baadaye akajitolea katika kampeni za polio, akipita kwa wazazi waliokataa na kuwasimulia yaliyompata. Alifariki 2013 kwa malaria, akiwa bado katika kazi hiyo. Kazi aliyofanya kwa wenye hofu kama yake hakuna faini ingeifanya.

#10 Muuguzi Mstaafu, Malindi

Niunge hapo. Watu wa Malindi tuna ushahidi mlangoni, pale KEMRI Kilifi, kituo cha utafiti wa tiba. Chanjo ya Hib ilianza Kenya Novemba 2001. Kabla yake, watoto 66 katika kila 100,000 wa chini ya miaka mitano walikuwa wakilazwa Kilifi kila mwaka kwa ugonjwa mkali wa Hib. Baada ya miaka mitatu walikuwa chini ya 8. Ya nimonia ilianza 2011, na maradhi makali ya zile aina za vijidudu inazozikinga yakapungua kwa asilimia 92 kwa watoto wadogo wa Kilifi. Wauguzi vijana leo hawajui sura ya wodi ile tuliyoijua sisi, ya watoto wenye shingo ngumu wanaolia wakiguswa. Wazazi pia hawaijui, na hapo ndipo kitabu cha kliniki kinapoanza kuonekana kama karatasi tu.

Kwa upande wa shule, mnapotuita kuchanja, tusaidieni hivi. Barua itoke angalau wiki mbili kabla, kwa Kiswahili, yenye jina la chanjo na ugonjwa inaokinga. Watoto wawe wamekula, kwa sababu msichana mwenye njaa na hofu huzimia. Akizimia mmoja mbele ya wenzake, kumi watafuata, na jioni mtaa mzima utasema chanjo ni sumu. Kwa hiyo wachanjwe chumba cha pembeni, mmoja mmoja, wakiwa wamekaa, na wangoje kivulini na mwalimu wanayemzoea.

#11 Mama wa Mokowe

Samahani kwa kuingia mwisho. Binti yangu ana miaka 13, yuko gredi ya saba. Mwaka waliochanjwa wenzake alikuwa kwa bibi yake Witu. Na mdogo wake wa miaka minne hana ile ya miezi 18. Wamechelewa?

#12 Muuguzi Mstaafu, Malindi

Hawajachelewa, mama. Binti bado yumo ndani ya umri, maana chanjo ya HPV ni ya miaka 10 hadi 14. Mpeleke hospitali au zahanati ya serikali iliyo karibu nawe, usingoje timu ije shuleni. Ni bure. Mdogo wake naye apewe surua na rubela siku hiyo hiyo. Wachukue wote wawili asubuhi, beba vitabu vyao, na ukiambiwa chupa haifunguliwi kwa mtoto mmoja, omba kumwona msimamizi wa kituo na umweleze umetoka wapi.

#13 Mwalimu wa Chekechea, Amu

Mama wa Mokowe, ukikwama nijulishe hapa hapa. Walimu wenzangu wa Faza, Mpeketoni na Malindi, kabla ya muhula kufunguliwa naomba kila mmoja apitie mafaili ya darasa lake na kuandika idadi ya watoto wasio na dozi ya pili ya surua, bila majina. Nitazikusanya na kumpelekea afisa wa afya wa wadi pamoja na ratiba ya boti.